Kanzu ya Mbwa

Rumonge nzima ilijua kama Amisi iko na wake wawili. Wa kwanza alikuwa Kulthumu, mama yake Swedi, aliyemupikia na kumufulia. Wa pili alikuwa Zafarani, aliyekula, akanywa, akakunwa mugongo asubuhi na jioni, na hakupika hata siku moja, maana alikuwa farasi.

Hiyo ilikuwa wakati wa Mudachi, kabla ya vita ile kubwa. Bendera yake ilikuwa inapepea kule bomani Usumbura, na huku Rumonge watu waliuza mawese, chumvi na ndagala, vile visamaki vya ziwa, kama kawaida. Mudachi walimujua kwa kusikia tu, kama mutu wa ziwani anavyojua kuna baridi kule milimani Bugarama.

Farasi mwambao huu hawakuwa wanaishi. Walikuja, wakakonda, wakafa, mbung'o wakawamaliza. Zafarani peke yake alikataa. Kwa nini alikataa, usiulize watu, waulize mbung'o. Alikuwa jike, rangi ya mawese yaliyoganda, na iko na masikio yanayozunguka kama ya mama mukwe.

Amisi mwenyewe alikuwa mufupi. Kusema kweli, alikuwa mufupi sana. Kufunga tandiko alipanda kwanza juu ya kinu, na kinu hicho alikiazima kwa muke wake, kwa hiyo siku ya safari nyumbani kwake hakikutwangwa kitu. Lakini sauti! Mungu alipokata urefu alirudishia kwenye koo. Amisi akiita Rumonge, mutu wa Kizuka, kule kilimani, aliitika.

Alizaliwa ng'ambo, kwa Wamanyema, akaletwa Ujiji bado anabebwa mugongoni. Huko alikulia kwenye zizi la Mwarabu moja mwenye farasi. Alijua kwato mbele ya kujua herufi, na herufi alikuja kuziacha njiani. Siku Bwana Darwesh, mufanyabiashara wa Rumonge, alinunua Zafarani kule Ujiji, Amisi alikuja naye kama kifuniko kinavyokuja na chungu. Walimupakia farasi kwenye mashua, wakamufunga miguu, na upepo ukawakuta katikati ya maji. Amisi alisimama mbele ya Zafarani, paji la uso kwa paji la uso, mukono kwenye shingo, akimuimbia wimbo wa wapagazi: *Pole pole mama, nyumbani iko mbele.* Aliimba akitapika, akatapika akiimba, mpaka Rumonge. Zafarani hakutapika. Farasi hawezi kutapika, Mungu hakumupa njia hiyo. Lakini tangu siku ile yeye na ziwa walikuwa hawasalimiani, na mukono wa Amisi ukiwa shingoni ndipo alipotulia.

Shika hapo kwanza. Mukono na maji. Tutarudi.

Bwana Darwesh alinunua farasi kwa heshima, lakini mwenye kufaidi alikuwa mama yake, Bi Asya. Huyo alikuwa mama mukubwa, na nikisema mukubwa simaanishi umri tu. Magoti yalikuwa yameshamukataa. Wapagazi walijaribu kumubeba kwenye machela mara moja, wakamuweka chini katikati ya muto ili wapumzike, na yeye juu ya machela, maji yakipita.

"Machela nitapanda tena siku moja tu," alisema. "Na siku hiyo hamutanisikia nikilalamika."

Basi alipanda Zafarani. Kila baada ya siku chache Amisi alileta farasi kando ya mutumbwi uliopinduliwa, Bi Asya akapanda mutumbwi, kutoka mutumbwi akapanda tandiko, na wakaenda Kizuka ya juu, kwenye michikichi, kumuona Radhia.

Radhia alikuwa mujukuu wake. Mama yake, binti ya Bi Asya, alifia Ujiji siku ile ile ya kumuzaa. Walikuwa wametuma mutu amuite Bi Asya, na Bi Asya alikuja, lakini alikuta kaburi limeshamwagiliwa maji na mutoto analia kwenye mikono ya jirani. Akamuchukua mutoto, akamulea, akamuoza kwa Hamissi, kijana mukimya wa kukamua mawese. Na sasa Radhia mwenyewe alikuwa na tumbo. Alikuwa ameshika mukono wa bibi yake akasema:

"Bibi, usipokuja, sizai."

"Utazuia na nini, mutoto wewe?"

"Sijui. Nitakaa na yeye ndani mpaka ufike."

Wakacheka wote wawili, halafu wakaacha kucheka pamoja, na Bi Asya akasema, "Nitakuja. Hata kama nitakuja kwa magoti haya, nitakuja."

Sasa, njia ya Kizuka iko na kijito, na juu ya kijito alikuwa anakaa Mabushi, Murundi wa kilima, muwindaji. Mabushi alikuwa na mbwa. Wengi. Wembamba, mbavu nje, na njuga shingoni ili muwindaji ajue wamefika wapi porini. Mukubwa wao alikuwa jike jekundu, sikio moja limeraruliwa na nguruwe pori. Watu husema mbwa anayebweka haumi. Hao waliosema hawakupita Kizuka.

Siku ya kwanza kabisa mbwa hao walipotoka, Bi Asya hakuwa juu, na Zafarani alisimama tu akawaangalia. Jike jekundu alibweka, akazunguka, akasogea, akamuramba muguu. Muguu wa mbele, wa kulia. Hakukuwa na ubaya hapo. Ubaya ulianza kwa Amisi.

"Mbwa! Mbwa! Najisi!"

Ile sauti, kumbuka. Alivuta hatamu, akageuza farasi, wakashuka mbio mpaka ziwani, akamuingiza Zafarani kwenye maji mpaka tumboni, akaanza kuosha. Mara saba, moja yake kwa udongo, kama alivyosikia watu wanasema. Alisugua muguu ule mpaka nywele zikatoka. Zafarani anatetemeka, macho nje, Amisi anahesabu kwa sauti ya kuitia mashua. Aliporudi nyumbani alijisifu: "Leo nimesafisha farasi mpaka malaika wakashangaa."

Na kila mbwa alipomusogelea Zafarani, Amisi alifanya vile vile. Kelele, kuvutwa, mbio, maji, udongo. Mwaka muzima. Hata kama mbwa hakuramba, Amisi aliosha kwa wasiwasi. Mwisho wake ikawa hivi: Zafarani akisikia njuga tu, mbali, nyuma ya migomba, anaruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Farasi huyu iko mwoga wa mbwa," Amisi alieleza watu sokoni, kama mutu anayejua. "Ndiyo tabia ya damu yake."

Alijaribu kila kitu. Alibeba fimbo: Zafarani akaogopa mbwa na fimbo pia. Alitupia mbwa nyama: siku iliyofuata wakaja na binamu zao. Alijaribu kukimbiza farasi apite haraka: mbwa wa kuwinda, unawakimbia? Walifurahi kama siku ya Idi. Walimusindikiza mpaka mulangoni kwa Hamissi.

Halafu ikaja siku ya Bwana Darwesh. Alitaka yeye mwenyewe kwenda kuangalia mawese, akavaa kanzu mupya, nyeupe, imepigwa pasi mpaka ikasimama. Njuga zikalia. Zafarani alipita katikati ya michikichi kama mushale, na Darwesh akabaki hewani kidogo, halafu akatua ndani ya shimo ambalo watu wa Hamissi walikuwa wanakanyagia mawese. Alitoka mwekundu kutoka ndevu mpaka vidole. Hamissi, yule kijana mukimya, alienda nyuma ya nyumba, na watu wanasema alikaa huko muda.

Darwesh hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alivua ile kanzu, akamutupia Amisi, akasema polepole:

"Naenda Ujiji kwa biashara. Nikirudi, farasi anaenda Usumbura. Mudachi anatafuta farasi."

"Wa kupanda, Bwana?"

"Wa kupanda, wa kuvuta, wa kula, mimi sijui. Huyu ataniulia mama yangu."

"Na Bi Mukubwa ataenda Kizuka na nini? Radhia..."

"Machela."

"Hatapanda, Bwana. Unamujua."

"Basi hataenda," Darwesh alisema, na hata yeye sauti ilimupungukia, maana aliijua habari ya Ujiji na lile kaburi. Akapanda mashua akaenda.

Amisi alirudi nyumbani, kanzu nyekundu mukononi, akakaa karibu na kinu bila kusema. Kulthumu alishtuka. Muji mukimya vile alikuwa hajawahi kuuishi.

"Baba Swedi, uko mugonjwa?"

"Wanamuuza muke mwenzako."

Kulthumu alitaka kutania, mudomo ulishafunguka, lakini alimuona macho. Akamuletea maji ya kunywa, akakaa naye.

Kesho yake Kulthumu alikuwa anaanika ndagala kwenye muchanga. Amisi alikuwa amefunga Zafarani kwenye majani, mbali kidogo na maji, akaenda kukata majani mengine. Kulthumu alipogeuka aliona kitu, akaacha samaki.

"Baba Swedi!" aliita. "Njoo pole pole. Njoo uone muke mwenzangu na mugeni wake."

Amisi alisikia "njoo". "Pole pole" hakusikia. Alifika mbio, akaona mbwa wa wavuvi, mbwa mweusi, mukubwa, amelala chini ya tumbo la Zafarani, kwenye kivuli chake, usingizi mutamu, na Zafarani anatafuna majani juu yake, mukia unafukuza inzi wa wote wawili.

"Mbwa! Mbwa!"

Zafarani aliruka, kamba nusu ikatike. Mbwa alikimbia. Ndagala za watu zikapinduliwa.

Kulthumu alisimama akashika kiuno. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka.

"Amisi," alisema, na jina hilo tupu hakumuita mara nyingi. "Yule mbwa alikuwa hapo tangu naanza kuanika. Farasi alikuwa anakula. Ameruka ulipofika wewe."

"Ameruka kwa sababu ya mbwa."

"Mbwa alikuwa amelala, mume wangu. Nani alikuwa anapiga kelele?"

Amisi aliinama akaanza kuokota ndagala za watu.

"Mutoto akiona nyoka na mama yake hajali, anaweza kumuchezea," Kulthumu aliendelea, sasa kwa upole. "Lakini kila akiona nyoka mama anamuchapa, ataogopa nyoka ao ataogopa mama? Wewe kila mbwa akitokea unamutupa kwenye ziwa. Na unajua anavyochukia ziwa. Mimi ningekuwa yeye, ningekimbia mpaka Tabora."

Amisi alienda kwa Mwalimu Shafii, aliyekuwa anafundisha watoto karibu na musikiti. Hakutaka kusema moja kwa moja, akazunguka: habari za nyumbani, habari za mvua, mwisho akauliza habari ya mbwa akiramba.

"Akiramba chombo chako, osha mara saba, moja kwa udongo," Mwalimu alisema. "Akilowesha nguo yako ya kuswalia, osha nguo."

"Na akiramba farasi?"

Mwalimu alimuangalia sana. Alikuwa amewahi kumuona pale ziwani, kama kila mutu.

"Amisi. Farasi iko anaswali?"

"Hapana, Mwalimu."

"Iko anasimama safu ya ngapi?"

Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka. "Jioshe wewe, nguo zako osha. Munyama wa watu mwache akauke na jua."

Jioni ile Amisi alimupeleka Zafarani mpaka karibu na maji. Farasi aliona ziwa, akakaza miguu, ngozi ya bega ikaanza kucheza. Alikuwa anangoja kuvutwa. Amisi alilegeza kamba. Hakuvuta. Alisimama naye pale pakavu, wakaangalia mawimbi, akamuambia kwa sauti ndogo, sauti ambayo Rumonge haikuwa inajua kama anayo:

"Unisamehe, mama. Nilidhani nakusafisha."

Zafarani aliweka pua kwenye shingo yake, akapumua. Hivyo ndivyo farasi wanavyosema, na asiyejua afuge kuku.

Kazi ilianza asubuhi. Amisi alivaa ile kanzu nyekundu ya Darwesh, iliyokuwa inaburuta chini nusu mita, akasema hiyo ndiyo nguo yake ya mambo ya mbwa. Ya kuswalia ingebaki safi nyumbani, hii ilambwe watakavyo. Kulthumu alikataa iingie ndani, akaitundika kwenye uzio, na watoto wa Rumonge wakaipa jina: kanzu ya mbwa. Ukiiona haipo kwenye uzio, unajua Amisi ameenda Kizuka.

Alienda kwa Mabushi kwa miguu.

"Amahoro, Mabushi," alimusalimia kwa Kirundi.

"Amahoro meza! Leo hauko juu ya ng'ombe yako ya kukimbia?" Mabushi alimuangalia toka chini mpaka juu, safari fupi. "Na hiyo nguo ni ya nani? Umemukula mwenyewe wake?"

"Cheka umalize. Nataka unifundishe mbwa wako."

"Yampayinka! Mungu wangu! Watu wa kanzu kila siku wanapita hapa wanakimbia kama wameniibia nyama, leo moja anataka kufundishwa." Alikaa chini akaita wale mbwa, wakaja wakalala kwenye miguu yake kama watoto. "Sikiliza. Mbwa yangu inajua kitu kimoja: kinachokimbia ni nyama. Wewe unakimbia, inafuata. Ukisimama inajiuliza, kumbe si nyama? Basi inabweka tu, ya kuficha aibu."

"Na nikisimama, ikauma?"

"Inapenda kuuma nyuma. Usiipe nyuma. Geuza farasi, uonyeshe uso. Uso wa farasi iko kubwa, mbwa inafikiri mara mbili. Halafu ongea. Usipige kelele. Anayepiga kelele ameshaogopa, na mbwa inajua."

Wakafanya hivyo. Amisi juu ya Zafarani, Mabushi na mbwa upande wa pili wa kijito. Mbali kwanza. Njuga zikalia, Zafarani akajikaza, na mikono ya Amisi nayo, yenyewe, bila kuulizwa, ikakaza hatamu. Hapo ndipo alijua ugonjwa uko wapi. Kufundisha farasi ilikuwa rahisi. Kufundisha mikono yake ilikuwa kazi. Vidole vilizoea kuvuta. Alivilazimisha kulegea, akashusha mabega, akaanza kuimba: *Pole pole mama, nyumbani iko mbele.* Mara ya kwanza sauti ilitetemeka, Mabushi akauliza kama iko anaimba ao analia.

Siku zilipita wakisogea. Siku moja walivuka kijito. Siku nyingine mbwa walikaa pembeni ya njia na Zafarani akapita akigeuza sikio moja tu kuwafuata. Lakini kulambwa bado. Jike jekundu alikuwa hajamukaribia, na Amisi alishukuru kimoyomoyo, maana yeye mwenyewe hakujua mikono yake ingefanya nini.

Darwesh alikuwa hajarudi. Asubuhi moja Hamissi alifika Rumonge mbio, jasho mpaka kiunoni, na kwa mara ya kwanza watu walimusikia akisema maneno mengi.

"Bibi, imeanza. Tangu alfajiri. Anasema hazai. Wakunga wanamwambia sukuma, anasema bibi yangu bado. Anajizuia, Bibi, nisaidie, atajiumiza!"

Bi Asya alikuwa ameshasimama. Magoti yalilia, watu walisikia.

"Amisi. Farasi."

Amisi alimuangalia Bi Asya, akaangalia uzio, akavuta kanzu ya mbwa. Kulthumu alileta kinu bila kuombwa. Alimushika mume wake mukono kidogo tu, pale watu wasipoona, akasema, "Vidole."

"Najua. Vidole."

Bi Asya alipanda kutoka mutumbwi. Amisi alishika kamba akatembea mbele, Hamissi akatangulia. Bi Asya hakunyamaza njia nzima. Alikuwa anaongea na Mungu, anaongea na farasi, anamusema Amisi miguu mifupi.

Walipofika kijitoni Mabushi hakuwepo. Ndiyo siku yenyewe alikuwa ameenda kuwinda. Na kabla Amisi hajajua afurahi ao aogope, njuga zililia juu ya kilima, nyingi, kwa haraka. Mbwa walikuwa wanarudi mbele ya bwana wao, mnyama amewaponyoka, damu bado moto, ndimi nje. Waliona farasi katikati ya njia nyembamba, na mama mukubwa juu yake amejifunika nguo nyeusi inayopepea, kitu ambacho hawakufundishwa. Wakashuka wote.

Zafarani alianza kutetemeka. Amisi aliusikia mutetemeko kupitia kamba, ukaingia mukononi, ukapanda mpaka kwenye koo, na koo likajaa ile sauti yake yote, *Mbwa! Mbwa!*, imekaa tayari nyuma ya meno. Juu ya farasi iko mama wa watu. Akianguka na mwili ule, hasimami tena. Na kule juu kuna musichana anazuia mutoto kwa meno.

Alimeza ile sauti. Ilishuka vibaya, kama mufupa wa samaki, lakini ilishuka. Aligeuza kichwa cha Zafarani taratibu, uso kwa mbwa. Akafungua vidole, moja moja, kamba ikalegea. Akaweka mukono kwenye shingo.

"Pole pole mama," aliimba, na haikuwa nzuri hata kidogo. "Nyumbani iko mbele."

Na Bi Asya, huko juu, ambaye maisha yake yote hakuna aliyemufundisha kuogopa kitu chenye miguu minne, aliinama kwenye tandiko akawasema wale mbwa kama anavyosema wajukuu:

"Na nyinyi? Nani amewafundisha kupokea wageni hivi? Amahoro hamusemi? Wewe, mwenye sikio moja, ndiyo mukubwa wao? Aibu! Mimi naenda kuzalisha, wewe umezaa mara ngapi, haujui?"

Jike jekundu alisimama. Wengine wakasimama nyuma yake, wakibweka ile ya kuficha aibu. Akasogea, tumbo chini, pua mbele. Zafarani alishusha kichwa, pua kubwa ikakutana na pua ndogo. Wakapumuliana. Na mbwa akatoa ulimi, akamuramba farasi, kutoka kidevu mpaka puani, halafu, kwa kuwa mukono wa Amisi ulikuwa karibu, akauramba na huo.

Zafarani alikaza shingo. Macho yakazunguka kumutafuta Amisi. Ya mbwa yalikuwa yameisha, sasa Zafarani alikuwa anangoja ya Amisi: kelele, kuvutwa, maji.

Amisi alikuwa na mate ya mbwa mpaka kwenye kiwiko. Alimupapasa shingo kwa mukono mwingine.

"Twende, mama," alisema. "Tunangojewa."

Zafarani alivuta pumzi ndefu, kama mutu anayeweka chini muzigo, akavuka kijito. Mbwa wakafuata nyuma kwa adabu, njuga zikilia, mpaka nyumbani kwa Hamissi, kama arusi.

Radhia alisikia sauti ya bibi yake toka mbali, maana Bi Asya alikuwa bado anawasema mbwa. Wakunga wanasema hapo hapo akaachia pumzi. Bi Asya aliingia ndani kwa magoti yale yale, akamushika kichwa akaweka kifuani kwake.

"Niko hapa, mutoto wangu. Haya, sasa mutoe tumuone."

Nje, Amisi alichukua chungu cha maji akaenda pembeni kuosha mukono wake. Mukono wake yeye. Aliposikia mutoto analia ndani, na baadaye kidogo akasikia Bi Asya analia pia, na Radhia anacheka, alisahau amefika mara ya ngapi katika zile saba, akaanza upya. Zafarani alikuwa anakula majani, mate ya mbwa yanakauka puani kwa jua.

Darwesh aliporudi kutoka Ujiji alikuta mama yake amekaa mulangoni na kitoto mapajani, kisichana.

"Mama, kuhusu farasi, nilishamwambia mutu wa Usumbura..."

"Kama umemuahidi mutu kitu cha kupanda," Bi Asya alisema, bila kuacha kupangusa kitoto mudomo, "nenda wewe. Uko na mugongo mzuri."

Habari ya Usumbura ikafia hapo.

Wakaendelea kupanda Kizuka, miaka. Bi Asya alipanda machela yake ya mwisho, na kweli hakulalamika. Zafarani alizeeka, akawa mweupe usoni. Alikufa asubuhi ya kiangazi, amelala karibu na uzio, kichwa kwenye mapaja ya Amisi, mukono wa Amisi shingoni, na Kulthumu amewashikia wote wawili kivuli kwa kanga yake. Amisi hakukubali achunwe ngozi. Alichimba yeye na Hamissi na Mabushi, tangu asubuhi ile, watu wakasema Amisi amepoteza akili, wengine wakaleta majembe.

Walipomaliza, jike jekundu, mzee sasa, sikio lile moja, alikuja akalala juu ya udongo mubichi. Njuga yake ililia mara moja ikanyamaza.

Amisi alikaa chini karibu naye. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, ya kuswalia. Alinyoosha mukono, na safari hii hakuna aliyemuramba kwa bahati mbaya, ni yeye mwenyewe aliuweka kwenye kichwa cha yule mbwa, akaupitisha nyuma ya sikio lililoraruka, mara nyingi. Mbwa alimuramba kiganja.

Halafu adhana ya alasiri ikalia. Amisi aliamka akashuka ziwani, Kulthumu akamuletea udongo mukononi. Akaosha mara saba, polepole, kama mutu ambaye hana haraka ya kumaliza.